Swila Kwenye Kihenge cha Udaga

Kumtoa nyoka penye watu bila kumuua nilijifunza Bunda, kwenye ghala la pamba, na sababu yake haikuwa huruma. Sababu ilikuwa fifi. Fifi ni pamba chafu, ya daraja la pili, na hakuna mtu anayependa kuiona ikirudishwa kwake. Panya walilipenda ghala lile kwa ajili ya mbegu, na nyoka waliwapenda panya. Kibarua mmoja aliwahi kumponda nyoka juu ya lundo la pamba nyeupe. Damu ikaingia, karani akaja akatazama, lundo zima likawa fifi. Tangu siku hiyo, nyoka akionekana, mjomba wangu ndiye aliyeitwa amtoe.

Mjomba ni kaka yake mama. Nilipomaliza darasa la saba, jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo mama alinipeleka nikae kwake msimu mmoja. Nilimsaidia mkewe kazi za nyumbani, na mchana nilichambua pamba pamoja na wanawake wengine.

"Nyoka ni mpangaji," mjomba alikuwa akisema. "Usimpige. Mwonyeshe nyumba nyingine yenye giza kuliko hii, halafu fungua milango. Atahama mwenyewe."

Nyumba hiyo ilikuwa mtungi wa shingo nyembamba. Aliulaza kando ya ukuta, akafunika mgongo wake kwa gunia, kisha akaondoa pamba kidogo kidogo upande wa pili, na mlango mkubwa ukafunguliwa ili jua liingie. Baada ya hapo alikaa tu. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo, wanawake wote walikimbia nje wakipiga kelele na kucheka. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta kwa sababu niliona aibu kukimbia mbele za watu. Mjomba alidhani ni ushujaa.

"Huyu mpwa wangu ana moyo," aliwaambia.

Sikumsahihisha, na hiyo pia ilikuwa aibu. Basi ikawa mimi ndiye ninayebaki naye. Alinionyesha kifutu, anayelala njiani kama kipande cha gogo na hamkimbii mtu. Alinionyesha swila, anayeinua shingo na kutema mate kwenye macho. Alinifundisha pia kwamba kumtoa ni nusu ya kazi. "Usimpeleke karibu na jirani. Hapo utakuwa umehamisha ugomvi."

Jambo jingine nililoliona Bunda lilihusu dawa ya pamba. Kuna siku waliipulizia kwenye kona za ghala, panya wakafa. Mbwa wa mlinzi akala mmoja. Kabla jua halijazama alikuwa akizunguka mahali pamoja kama anayetafuta mkia wake, povu likimtoka, kisha akalala. Mlinzi alimzika nyuma ya ghala.

Nilirudi nyumbani Suguti mwaka wa shida. Madukani hakukuwa na sukari, sabuni wala mafuta ya taa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Mvua ilikuwa imetuacha, mtama wetu ulikaukia shambani. Tulichokuwa nacho kilikuwa ndani ya kihenge kimoja, kile kikapu kikubwa cha fito kilichokandikwa udongo, kinachokaa juu ya mawe na kuvikwa paa la nyasi kama kofia. Ndani yake mlikuwa na mtama kidogo chini, na juu yake udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikaanikwa. Sehemu ya udaga huo mama aliifuata kwa dada yake Butiama na kuirudisha kichwani, akilala njiani kwa watu. Chakula hicho kilitakiwa kutufikisha kwenye mavuno mapya: bibi, baba, mama, wifi na mtoto wake mchanga, na mimi. Kaka alikuwa kambi ya wavuvi, na huko nako nyavu hazikupatikana.

Asubuhi moja mbuzi aling'oa kigingi akaondoka na kamba. Mbuzi tulimpata, kamba hatukuiona. Ilikuwa kamba ya manila, imenunuliwa Mukendo, kwenye maduka ya Musoma mjini, zamani, wakati vitu vilipokuwepo. Nilikuwa nikiitafuta tangu kulipopambazuka, na moyo wangu ulikuwa kwenye kamba tu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekwenda kuchota udaga. Nikamsikia akiniita, kwa sauti ya chini.

"We mjukuu. Humu kwenye kihenge kuna kamba."

"Asante, bibi," nikasema.

Nilikimbia, nikainua ukingo wa paa, nikaingiza mkono.

Bibi hatamkagi neno nyoka akiwa nyumbani. Anasema ukiitaja hiyo kitu inageuka kuangalia nani ameiita. Anasema kamba. Hilo nililijua tangu utoto, kama ninavyojua jina langu. Lakini siku ile nilikuwa nimesahau kwamba duniani kuna kamba za aina mbili.

Kitu kilisimama gizani mbele ya uso wangu. Nikasikia pumzi, kama mtu anayepuliza kupitia meno, na jicho langu la kushoto likajaa moto. Nilianguka chali.

"Nimekwambia kuna kamba!" bibi akapiga kelele. "Kuna kamba, na wewe unaingiza mkono!"

"Nilikuwa natafuta kamba, bibi."

"Kamba gani tena?"

"Ya mbuzi."

"Ya mbuzi," bibi akasema, "ningesema kamba ya mbuzi."

Mama alikuja na maji. Alinilaza akanimiminia jichoni, kata baada ya kata, mpaka mtungi ukaisha, akaagiza mwingine uletwe. Wifi alimweka mtoto chini, akapiga magoti kichwani kwangu, akatoa ziwa.

"Fungua jicho, wifi. Usinionee aibu leo."

Akanikamulia maziwa. Sijui ni maji au ni maziwa yaliyosaidia. Nadhani ni maji, yalikuwa mengi zaidi. Lakini nakumbuka uvuguvugu wa maziwa yale kuliko maji.

Baba aliporudi kutoka shambani aliteremsha paa vizuri, akaziba ukingo wote kwa udongo mbichi, akapanga mawe juu. Swila akabaki amefungiwa na chakula chetu.

"Bomba la kupulizia liko kwa jirani," baba akasema. "Kesho saa kumi analileta. Dawa ya pamba bado ninayo, imebaki kidogo kwenye kopo. Tutampulizia humo humo."

"Na udaga?" mama akauliza.

"Tutauosha. Tutauanika."

"Udaga unaoshwagwa?"

"Unataka nifanyeje? Kuna mtoto anaanza kutambaa hapa. Huyo akitoka usiku akaingia ndani, utakula udaga na nani?"

Baba hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa akichagua kati ya mtoto na chakula, kama kila mzazi angechagua. Tatizo ni kwamba yule mbwa wa Bunda nilimwona mimi, yeye hakumwona.

Nilitaka kumwambia. Nilikaa karibu naye wakati anakula, nikasimama, nikakaa tena. Mimi na baba tulikuwa na mazungumzo ya aina moja: yeye anauliza, mimi najibu. Kuanza mwenyewe sikuwahi.

Jua lilipokuwa likishuka nilichukua daftari langu la darasa la saba, lililobakiwa na karatasi moja safi, na penseli fupi kama ukucha. Nikakaa nyuma ya jiko, jicho moja limefungwa kwa kitambaa. Ninaandika polepole. Hata sasa ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Barua nilijua kuiandika kwa namna moja tu, ile tuliyofundishwa shuleni, kwa hiyo niliiandika hivyo:

"Kwa baba mpendwa. Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima wa afya isipokuwa jicho la kushoto. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba dawa ya pamba haitoki kwenye chakula. Bunda nilimwona mbwa aliyekula panya aliyekufa kwa dawa. Naye alikufa siku hiyo hiyo. Naomba kesho asubuhi unipe nafasi nimtoe. Nahitaji mtungi mmoja wa bibi, kipande cha bati na kioo. Sina mengi. Wasalimie wote hapo nyumbani. Ni mimi binti yako."

Niliiweka juu ya kigoda anachokalia akinywa uji, nikaenda kulala.

Asubuhi baba aliisoma kwa sauti, neno moja moja, kwa sababu naye anasoma kama ninavyoandika. Nilijificha mlangoni. Alipofika "wasalimie wote hapo nyumbani", bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Tumesalimika! Mwambie tumesalimika, tuko hapa!"

"Barua imetoka mbali," wifi akasema. "Imepita posta ya jikoni."

Baba hakucheka. Aliniita.

"Huyo mbwa ulimwona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Si hadithi ya mjomba wako? Mjomba wako anapendaga hadithi."

"Nilimwona."

"Na alikula panya tu, siyo dawa yenyewe?"

"Panya tu."

Aliikunja barua akaitia mfukoni. "Mpaka bomba lifike," akasema. "Likifika na bado yumo, napuliza. Kioo cha nini?"

"Anatema."

Nyumbani kioo kilikuwa kimoja, kile kilichofunika picha ya harusi ya baba na mama. Mama hakungoja aulizwe. Aliishusha ukutani, akatoa misumari kwa ncha ya kisu, akakifuta kioo kwa kanga yake, akampa baba. Picha aliifungia kwenye Biblia. Siku hizi maduka ya Mukendo yamejaa tena, kuna betri na sabuni za kila rangi, na nimeona miwani mikubwa ya plastiki wanayovaa mafundi wa kuchomelea vyuma. Nimejinunulia moja. Wakati ule ungezunguka Musoma nzima usiione.

Wifi alimpeleka mtoto kwa jirani. Bibi naye alifukuzwa, akakataa, akakubali kukaa mlangoni mwa nyumba. Baba alitoboa tundu kwenye ukuta wa kihenge, upande wa kivuli, juu kidogo ya usawa wa udaga. Alitoboa kwa ncha ya panga, taratibu, na kila kipande cha udongo kilichoangukia ndani kilitufanya tusimame tusikilize. Kabla tundu halijafika mwisho tuliuweka mtungi juu ya mawe, mdomo wake ukitazama tundu, tukaziba nafasi zote kwa matambara yaliyolowa. Kipande cha bati nilikichomeka kwa juu, kati ya mdomo na ukuta, tayari kusukumwa chini. Kisha nikapitisha fimbo kupitia pembeni nikasukuma udongo wa mwisho, nikaziba tena. Mtungi tukaufunika gunia, uwe giza.

Baba na mama waliondoa mawe na kubandua udongo, wakainua paa kwa miti mirefu, kila mmoja upande wake, wakalitua chini. Jua likaingia kwenye kihenge.

Tukangoja. Hakuna kilichotokea. Kuku walipita. Jua lilipanda. Baba alianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Nimguse kidogo na fimbo?"

"Hapana, baba."

Nilishtuka kusikia sauti yangu. Sikuwa nimewahi kumwambia baba hapana. Yeye alinitazama tu, akaweka fimbo chini.

Ilibidi nichungulie nijue alipo. Nilihitaji mikono yote miwili, mmoja kwenye bati, mwingine kwenye mtungi. Baba akaja nyuma yangu, akanyoosha mkono juu ya bega langu akakishika kioo mbele ya uso wangu. Hatukuwa tumekaribiana hivyo tangu nilipokuwa mdogo wa kubebwa. Nilisikia harufu ya uji kwenye pumzi yake. Kioo kilitetemeka, na kihenge kizima kikaonekana kama kiko chini ya maji.

Swila alikuwa kwenye sehemu ya mwisho yenye kivuli, amejikunja, mweusi, anang'aa. Alituona. Shingo ikapanda, ikapanuka. Kitu kikagonga kioo kama matone makubwa ya mvua, na mistari miwili ikaanza kuteremka mahali hasa palipokuwa na macho yangu.

"Mama yangu!" baba akasema kwa sauti ndogo.

Lakini kioo hakukishusha. Tulibaki hivyo, hatukujongea. Jua lilimfikia mgongo. Akashusha shingo, akaanza kufuata ukuta, pole, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. Alipita tundu. Akarudi. Akaingiza kichwa. Niliuhesabu mwili wake ukiingia, urefu wa kidole, tena kidole, mpaka mkia ukanyanyuka kidogo na kupotea. Mtungi ukawa mzito chini ya mkono wangu. Nikasukuma bati.

"Bado?" mama akauliza kutoka mbali.

"Tayari," nikasema.

Tuliufunga mdomo kwa kitambaa na kamba za maganda ya mti, juu ya bati, tukauweka ndani ya tenga, tukalining'iniza kwenye mti wa kubebea. Baba akashika mbele, mimi nyuma. Tulielekea kwenye milima ya mawe, mbali na mashamba, ambako hakuna aliyejenga. Njiani tulikutana na mama mmoja wa kijiji chetu akitoka kutafuta kuni.

"Shemeji!" akamwita baba. "Mwaka huu wa njaa umepata wapi mtama wa pombe?"

"Hii siyo pombe."

"Mtungi umefungwa vizuri hivyo, halafu siyo pombe? Hata pombe siku hizi mnaifichaga kama sukari. Tuonjeshe basi, hata kidogo."

"Hii haionjwi, shemeji. Simama hapo hapo usikilize tu."

Akasimama. Baba akautikisa mti kidogo sana. Ndani ya mtungi ile pumzi ikatoka, ndefu, kama mtu anayepuliza kupitia meno. Yule mama alitupa kuni zote. Kanga yake ilibaki kwenye kichaka, naye alikuwa ameshafika mbali, akitutukana mimi, baba, na ukoo wetu. Baba alicheka. Ilibidi tutue tenga, maana mti ulikuwa ukirukaruka mabegani. Mwaka ule sikuwa nimemsikia akicheka.

Kwenye mawe tuliulaza mtungi, mdomo ukitazama ufa. Nilikata kamba nikiwa nyuma ya mtungi, nikavuta bati kwa fimbo ndefu, tukarudi nyuma. Alikaa ndani muda mrefu. Kisha akatoka, hakutugeukia, akaingia kwenye ufa.

"Hatarudi?" baba akauliza.

"Mjomba alisema akipata panya huku harudi."

"Na asipopata?"

Nilifikiri. "Sijui, baba."

Aliutazama ufa. "Basi kazi yetu ni panya wa kwetu," akasema.

Jirani alituletea bomba saa kumi kama alivyoahidi. Baba alimshukuru, akamwambia arudi nalo.

Bado kulikuwa na suala la chakula chenyewe. Mama aliondoa udaga wote wa juu, kina cha mkono mpaka kiwiko, pale swila alipolala na kutema, akautupa chooni. Aliutupa huku machozi yanamtoka, lakini aliutupa. Uliobaki tuliutandaza kwenye jiwe la kuanikia siku nzima ya jua kali. Bibi alisema yeye hali. Alisema kitu kilicholaliwa na kamba ni cha kamba. Wifi alisema ananyonyesha, atangoja aone wengine.

Kesho yake mama alitwanga, akachekecha, akasonga ugali. Akauweka katikati, mweusi, unatoa moshi, na pembeni dagaa wachache. Tulikaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi ndiye niliyeomba chakula hicho kiokolewe, na sasa nilijiona kama niliyemwongoza kila mtu kwenye mto nisioujua kina chake. Mkono wangu ulikuwa tayari kutangulia, lakini baba alikuwa ameshanawa.

Alimega, akafinyanga tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna polepole. Tulimtazama wote, hata bibi kutoka kwenye mkeka wake. Akameza. Akasimamisha ulimi kama anayetafuta kitu.

"Una mchanga," akasema.

"Huo ni ukuta wako ulioutoboa," mama akamjibu.

Baba akamega tena. Nami nikamega. Kisha wifi, na bibi akavuta mkeka wake karibu akisema ataonja tu. Tuliula ugali ule wenye mchanga mpaka mtama mpya ulipoiva.